Unahama na una dawa za kila siku? Mtafute daktari kabla ya nyumba

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuhama na dawa huanza hivi: nibebe za miezi mingapi? Swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni nani atakuandikia cheti cha dawa kinachofuata huko uendako, na utamwona lini. Ukishaijua tarehe hiyo, hesabu ya vidonge inajipanga yenyewe. Usipoijua, hata ukibeba vya mwaka mzima umeliahirisha tatizo tu.

Nina kifafa tangu utotoni. Nimelelewa Tanga, nikafanya kazi Dar es Salaam, kisha kazi hiyohiyo ikanileta Nairobi. Dawa yangu ni kabamazepini ya CR, yaani ya kutoka polepole mwilini, miligramu 400, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Mimi si daktari, ni mgonjwa mzoefu, na ninayoyaandika ni ya upande huu wa meza.

Kwanza tuelewane kwa nini pengo la siku chache ni jambo zito. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta mtukutiko usiokoma, na huo huua. Si kifafa peke yake. Baadhi ya dawa za presha na za moyo, pamoja na prednisoloni iliyotumiwa kwa muda mrefu, haziachwi kwa mkupuo. Kwa hiyo usimwambie mtu "nitaruka wiki moja nikitulia nitaendelea". Hakuna kutulia wiki ya kwanza ya kuhama.

Kazi kubwa hufanyika kabla hujafunga begi, tena kliniki kwako. Sisi tumezoea kupewa dawa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu "1x2", basi. Nyumbani inaeleweka: kimoja kutwa mara mbili. Mpakani au uwanja wa ndege, vidonge vyeupe ndani ya bahasha isiyo na jina la dawa wala la mgonjwa ni vidonge vyeupe tu, na afisa ana haki ya kushuku. Omba pakiti ya kiwandani yenye jina, nguvu na tarehe ya kuisha, hata kama itabidi ununue duka la dawa badala ya kuchukua dirishani. Na ile "1x2" iandikwe kwa maneno kamili: kidonge kimoja kila baada ya saa 12.

Kisha barua. Usikubali karatasi ya mistari miwili inayosema "anatumia dawa za kifafa". Barua yangu ilikuwa na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa wenyewe na aina yake, mwaka nilioanza dawa, jina la dawa, nguvu ya kidonge, kama ni ya kawaida au ya kutoka polepole, dozi, dawa nilizowahi kujaribu zikashindwa na kwa nini, mara ya mwisho kuanguka, na mzio. Chini yake sahihi, muhuri na simu ya kliniki. Daktari wangu alinung'unika kidogo kwa urefu wake, akaiandika. Omba pia nakala ya vipimo: kipimo cha umeme wa ubongo, picha za kichwa, damu ya mwisho. Kuvirudia ugenini ni gharama, na wakati mwingine gharama yenyewe ndiyo humfanya daktari mpya aahirishe uamuzi. Piga picha kila kitu, weka kwenye simu na kwenye barua pepe. Kama unakwenda nchi isiyotumia Kiswahili wala Kiingereza, itafsiriwe ungali nyumbani.

Jina la dawa kwenye barua liwe lile la dawa yenyewe, si la kampuni. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa majina ya pamoja ya dawa tangu miaka ya 1950 kwa sababu hii hasa, kwani jina la biashara hubadilika ukivuka mpaka, na mara nyingine jina moja hubeba dawa tofauti kabisa. Hata hivyo Wamarekani wana yao. Salbutamoli ya pumu kwao ni albuteroli, na parasetamoli kwao ni asetaminofeni. Yeyote anayekwenda huko na pampu ya pumu aandikiwe majina yote mawili.

Sasa Nairobi. Kabamazepini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hivyo nilijua haitakosekana mji huu. Na kweli haikukosekana. Kilichonichelewesha ni zile herufi mbili, CR. Mfamasia wa mtaani kwangu, South B, aliitazama pakiti yangu ya zamani akasema, "Dada, hii ni ya kutoka polepole. Hii niko nayo ni ya kawaida. Nguvu ni ileile lakini siwezi kukubadilishia bila daktari." Nikampenda papo hapo. Kidonge cha kawaida huingia damuni haraka, mgonjwa akaona vitu viwiliviwili na kuyumba, kisha dawa ikashuka kabla ya dozi inayofuata. Kwa namba za kwenye boksi ni sawasawa, mwilini siyo. Akaniomba pia cheti cha daktari wa Kenya, maana kile cha Dar alikisoma vizuri lakini hakikumtosha. Duka la aina hii ndilo la kushikamana nalo. Angalia kwanza kama limesajiliwa na PPB, yaani Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya. Lile linalokupa chochote unachotaja bila kuuliza, lipite.

Kuna hili la kiwanda pia, ambalo wengi hawaambiwi. Kwa dawa nyingi, kubadili kampuni si neno. Kwa kabamazepini, fenitoini na fenobabitali, mamlaka ya dawa ya Uingereza huwashauri madaktari mgonjwa wa kifafa abaki na bidhaa ya kampuni moja, kwa sababu tofauti ndogo ya kiwango damuni yaweza kumwangusha. Levothairoksini ya tezi nayo ina tabia karibu na hiyo, na ukibadilishiwa bidhaa kipimo cha damu cha tezi, TSH, hurudiwa baada ya wiki sita hivi. Ndiyo maana sikutupa boksi la Dar. Nilitembea nalo mpaka nikapata duka lenye bidhaa ileile, nikamwomba mfamasia awe ananiwekea. Dawa ikiwa haina budi kubadilika, ibadilike mapema, ungali na akiba ya ile ya zamani na una daktari wa kumpigia. Kubadili siku ambayo kidonge cha mwisho kimeisha ni kujitia kitanzi.

Kuhusu daktari: bingwa wa mishipa ya fahamu ana foleni, popote. Piga simu kuomba miadi ukiwa bado kwenu, hata kabla hujajua utapanga mtaa gani. Kama bingwa yuko mbali kwa tarehe, daktari wa kawaida mwenye barua nzuri mkononi anaweza kukuendelezea dozi ileile mpaka siku hiyo ifike. Kwa kifafa hapa Nairobi kuna pia KAWE, chama cha ustawi wa watu wenye kifafa, chenye kliniki zake na watu ambao hawakutazami kama umepagawa.

Bima, kwa ufupi kwa sababu inaniudhi. Kadi ya nyumbani huishia mpakani. Kenya ilibadilisha bima yake ya afya ya taifa, NHIF, kwa SHA mwezi Oktoba 2024, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Kama mwajiri anakupa bima binafsi, soma sehemu ya magonjwa uliyokuja nayo kabla ya kusaini mkataba wa kazi. Uliza mambo mawili: kuna kipindi cha kungoja? Dawa za kila mwezi zinalipiwa kwa mgonjwa asiyelazwa, na mpaka shilingi ngapi? Jibu liwe la maandishi. Kauli ya "usijali, itafanyiwa kazi" hailipi duka la dawa.

Halafu kuna hatari ambayo mtu haioni kwa sababu haifanani na kuhama. Nyumbani, daktari na muuza dawa wanakujua. Mji mpya hakuna anayekujua, na Julai ya Nairobi ina baridi na kikohozi chake. Ukiingia kwa mtu akakupa antibiotiki ya erithromaisini bila kujua unatumia kabamazepini, kiwango cha kabamazepini damuni kinapanda na kichwa kinaanza kuzunguka. Kabamazepini nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, na pia ya dawa mseto ya malaria, jambo linalotuhusu sisi tunaorudi pwani likizo. Sentensi yangu ya kwanza kwa kila mhudumu, hata nimekwenda kwa jino, ni "natumia kabamazepini". Wakati mwingine wananikatiza. Nairudia.

Wanaotoka Nairobi kwenda Ghuba ndio wananipigia zaidi. Kwenu ninyi: ulizeni kwanza dawa yenu iko kundi gani. Kabamazepini haimo kwenye mikataba ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa. Fenobabitali imo, kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, pamoja na daiazepamu na klonazepamu, na watu wengi wa kwetu wako kwenye fenobabitali kwa sababu ni bei nafuu. Falme za Kiarabu hutaka idhini kabla ya kusafiri kwa dawa za aina hiyo, na hata tramadoli na dawa ya kikohozi yenye kodeini, ambazo hapa mtu huziona za kawaida, kule ni kesi. Usimsikilize wakala anayesema "ficha kwenye nguo". Binti wa jirani yangu aliyekuwa akijiandaa kwenda Riyadh aliambiwa hivyo. Mama yake akaja kuniuliza, nikamwambia amrudishe binti kliniki. Pale daktari ndiye anayejua kama kuna dawa nyingine inayomfaa, na mabadiliko kama hayo huchukua wiki au miezi, si siku ya kwenda uwanja wa ndege. Faraja ndogo ni kwamba Riyadh na Doha saa yao ni yetu, hivyo dozi ya saa moja inabaki saa moja.

Wa Uingereza, hasa wanawake walio kwenye valproeti, dawa nyingine ya kifafa: tangu Januari 2024, kule mtu wa chini ya miaka 55 haanzishiwi dawa hiyo mpaka mabingwa wawili wakubaliane, hasa kwa sababu ya madhara yake kwa mtoto tumboni. Ukiwa tayari unaitumia utaulizwa mengi. Usiogope ukaiacha mwenyewe. Beba historia yako yote.

Wa kisukari wanaokwenda India: kule bado kuna insulini ya yuniti 40 kwa mililita, wakati ya Kenya ni 100. Chupa na bomba la sindano lazima vilingane. Ukichanganya, dozi inakuwa chini ya nusu au zaidi ya mara mbili. Insulini ikae nawe ndani ya ndege, kwani kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda na ikiganda imekufa. Mashine ya kupima ikionyesha 126 usipige yowe. Ni kizio kingine cha sukari (mg/dL), gawanya kwa 18 upate 7 ya kwetu (mmol/L).

Mwisho, hii tabia yetu ya kuagizia dawa kwa dereva wa basi la Dar. Nimeifanya, na kama daraja la wiki mbili sina ugomvi nayo, mradi cheti kiambatane na pakiti. Lakini usiifanye ndio mpango. Basi linakwama Namanga, ndugu anasahau, duka linabadilisha kampuni bila kukwambia. Tena kabamazepini haipendi unyevu. Vidonge hukakamaa na vinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake, kwa hiyo viache kwenye pakiti yake na visikae bafuni, si Tanga wala hapa. Mimi huenda dukani kuchukua nyingine nikiwa nimebakiwa na za mwezi, na tarehe ya miadi inayofuata naiandika juu ya boksi kwa kalamu nene.