Ukihitaji sare tu, usiende kutafuta sare (somo la tarehe 9 Novemba)

Juzi dogo mmoja mcheza chesi wa Sakina, Arusha, kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, Jumapili raundi ya mwisho nahitaji sare tu nichukue kombe, nichezeje?" Nikakaa nayo siku nzima bila kujibu, maana wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye hali hiyo hiyo, hapo hapo Arusha, na bado inaniuma.

Kwanza hii tarehe. Mimi nimezaliwa 9 Novemba, na siku nilipoanza kupenda chesi kweli kweli, wakati huo bado nashinda kijiwe cha drafti pale Majengo Moshi, nilijiuliza hivi siku yangu kuna nini. Nikakuta hazina. Mikhail Tal amezaliwa 9 Novemba 1936, Riga, Latvia, mtu ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tangu kuzaliwa na figo zilimtesa maisha yake yote, lakini alikuwa anatoa kete zake sadaka kama mtu asiye na cha kupoteza. Mwaka 1960 akampiga bingwa Botvinnik akawa bingwa wa dunia ana miaka 23, mpaka wakati huo hakuna aliyewahi kuwa bingwa mdogo hivyo. Alafu sasa sikia hii, siku Tal anatimiza miaka 49, yani 9 Novemba 1985, pale Moscow, Garry Kasparov wa miaka 22 anamtoa bingwa Anatoly Karpov na kuichukua hiyo rekodi ya Tal siku ya birthday ya Tal mwenyewe! Ilikaa mpaka 2024 Gukesh wa India alipokuja kuwa bingwa na miaka 18.

Hiyo mechi ya 1985 ndiyo naijua kuliko namba yangu ya simu. Ni mechi ya 24, ya mwisho kwenye mfululizo wao, Kasparov anaongoza 12 kwa 11, Karpov ana nyeupe na lazima ashinde, kwa sababu ikiwa 12 kwa 12 bingwa anabaki na taji lake. Kwa hiyo Kasparov anahitaji nini? Sare tu. Na anacheza nini? Ufunguzi wa Sicilian! Angeweza kuchagua kitu cha kujificha, yeye kachagua vita. Karpov anamsukumia askari upande wa mfalme, yeye anapanga ngome zake mbili nyuma ya askari wa mstari wa e (miraba ya ubao inaitwa kwa herufi na namba), anasubiri, alafu anafungua kwa kusukuma askari f5. Mbele kidogo farasi wake anaruka h5 anaisumbua ngome ya Karpov, ngome inahama, farasi anarudi f6 anaisumbua tena. Karpov akirudisha ngome pale pale wanaanza kurudia, na kurudia ni sare, na sare inamuua. Akaipeleka h4. Hapo hapo Kasparov akasukuma g5, akatoa askari bure, farasi wake wakaingia kwa Karpov, na muvu ya 42 Karpov akakubali yamekwisha. 13 kwa 11.

Sasa mimi ninayeijua mechi hii kwa kichwa nilifanya nini Arusha? Nina nyeupe, nahitaji nusu pointi ya sare, mbele yangu mtoto wa sekondari. Nikaanza kubadilishana kete kwa kete, muvu ya 14 nikampa mkono wa sare, akatikisa kichwa, hakuniangalia hata usoni. Nikaendelea kula kete kwa kete. Nikabaki na ngome na askari wanne, yeye ngome na askari watano, nikateseka karibu saa nzima nikafa. Wakati natoka nikasikia mtu kwenye meza ya waandaaji anasema kwa sauti, "Wa Moshi wakifika huku wanalegea." Niliondoka bila kusubiri zawadi ya nafasi ya tatu. Kwenye Kosta mpaka Boma Ng'ombe sikuongea na mtu.

Kiukweli yule mtoto hakunishinda kwa akili, nilimpa mwenyewe. Kila kete niliyobadilisha nilikuwa nasogea nyuma hatua moja, yeye anasogea mbele moja. Mtu akikuona unaomba anajua una njaa.

Kuna mtu ataniambia mbona Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, alitafuta sare. Sawa, tarehe ile ile tena, 9 Novemba 2018, London, Carlsen na mpinzani wake Caruana wanaanza mechi yao ya ubingwa, na ile ya kwanza ikaenda muvu 115 ikaisha sare. Wakatoka sare zote 12. Ya mwisho Carlsen yuko vizuri lakini akatoa mkono wa sare, watu wakamsema sana. Lakini ndugu yangu yule alikuwa anajua anakokwenda, alijua kwenye mechi za haraka za kuamua mshindi yeye ni moto, na akashinda 3 kwa 0. Sare yake ilikuwa mpango. Ya kwangu ilikuwa woga. Tusichanganye hivyo vitu viwili, na hapa nasema na nyie wote mnaotaka kufika mbali, sio dogo peke yake. Cheza ufunguzi wako ule ule unaoujua, acha kuchungulia msimamo wa mashindano ukutani, usitoe mkono wa sare kwa sababu moyo unadunda. Cheza. Acha yeye ndiye ahangaike kutafuta ushindi, ndiye atakayefungua mlango.

Na tafuta tarehe yako, zaliwa siku yoyote lakini iwe na mechi yako, uipange kwenye ubao mpaka mikono iijue. Mimi yangu iliishia kichwani, mikono haikuwa nayo siku ile.

Dogo, Jumamosi napanda Kosta ya asubuhi, saa nne niko Mnara wa Saa na ubao wangu. Tutaipanga ya 1985 kuanzia farasi anaporuka h5, wewe kaa upande wa nyeusi.