Flashi ya TB 2 kwenye ofa: ni feki

Ukiona flashi ya TB 2 (kama GB 2,000) inauzwa kwa bei ya kutupa kwenye ofa, feki hiyo. Chipu za kumbukumbu zina gharama yake, hakuna anayeuza TB 2 kwa bei ya peremende hata msimu wa ofa. Mara nyingi ndani kuna GB 32 au 64 tu, ila kidhibiti chake (chipu inayoiambia kompyuta ukubwa wa flashi) kimechezewa kiidanganye kompyuta. Unakopi mafaili, yanaonekana yameingia, kumbe yaliyozidi hayafunguki au yamefuta ya mwanzo. Nimezipima kadhaa kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi (ya bure, ya Windows, kwenye Linux kuna F3). Nyota tano za wanunuzi usizitegemee, wengi husifia siku ya kupokea, kabla hawajaijaza. Afadhali GB 128 ya kampuni inayojulikana, na hiyo nayo uipime kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.