Hüsker Dü: uanze na santuri ipi?

Umeuliza pa kuanzia na Hüsker Dü, bendi ya panki ya watu watatu kutoka Minneapolis, Marekani, kwa santuri zao za kabla hawajaingia Warner, lebo kubwa. Usianze na Land Speed Record, hata wakongwe waisifu vipi. Ilirekodiwa jukwaani Minneapolis mwaka 1981: nyimbo 17 kwa dakika 26 na ushee, gitaa la Bob Mould limefunika kila kitu, maneno husikii hata utege sikio. Waliitolea New Alliance, lebo ya kina Minutemen wa California (nao watatu vilevile). Lebo ya Hüsker Dü wenyewe, Reflex, ndiyo iliyotoa Everything Falls Apart mwaka 1983.

Anza na Zen Arcade ya 1984, chini ya lebo ya SST. Ni albamu ya santuri mbili, na nyimbo karibu zote walizipiga mara moja tu, zikapita. SST walichapa nakala elfu chache kwa tahadhari, zikaisha chap, madukani ikawa haipatikani. Lebo ndogo ndivyo zilivyo, hela ya kuchapa nyingine haipo mfukoni. Besi ya Greg Norton utaitafuta kwa tochi, lakini Grant Hart akianza kuimba huku anatwanga ngoma, hutajali.