Alama za shabaha pekee hazitoshi

Ndugu, umeuliza kama alama za shabaha na mbio zinatosha kubashiri platuni (kikosi kidogo cha askari kama 30) ipi itang'ara kwenye zoezi la kivita, maana unaandika tasnifu. Mimi ningeanza na viongozi. Mwaka 2003 Bernard Bass, mtafiti wa uongozi, na wenzake walichapisha utafiti juu ya platuni 72 za askari wa miguu wa Marekani. Askari walijaza madodoso: luteni wenu anaongozaje, na sajenti wake je? Kisha platuni zikapimwa kwenye mazoezi ya kuigiza vita. Uongozi wa wote wawili ulibashiri matokeo, kwa sehemu kupitia mshikamano na imani ya askari kwamba kikosi chao kinaweza. Wala si viongozi wenye kutia hamasa tu waliofaa. Hata kiongozi anayeeleza wazi anachotaka na kumtambua aliyekitimiza alifaa (sajenti yeyote angekwambia hilo bure).

Ila kusanya madodoso kabla ya zoezi. Platuni iliyoshinda jana itamsifu luteni wake hata kama alipotea na ramani mkononi. Mpimaji naye asiyaone majibu hayo. Na ukilinganisha platuni, askari 30 wa platuni moja ni kipimo kimoja, si 30. Hapo wengi huumbuka mbele ya msimamizi.