Mteja anasema nembo "bado haijakaa": kabla hujaachana naye, soma hapa

Mkuu, umesema mteja wako wa mgahawa amekurudishia nembo mara kadhaa, kila mara neno ni lile lile, "bado haijakaa", na juzi kaleta maoni ya shemeji yake anayetaka iwekwe sufuria inayofuka moshi. Unauliza uvumilie au umwache. Mimi nasema usimwache kwanza. Nimefanya kazi pande zote mbili: nilianza kama mbunifu kwenye studio hapa Dar, kisha nikahamia kiwanda kidogo cha vyakula ambako mimi ndiye niliyekuwa naagiza kazi kwa wabunifu. Nilipokaa upande wa mteja ndipo nilipoelewa "haijakaa" inatoka wapi.

Mteja hana maneno ya fani yetu. Anaona kuna kitu kinamkera, hajui ni rangi, ni herufi au ni nafasi, na kwa kuwa ametoa hela yake anajiona lazima aseme chochote. Ndiyo maana anataja dawa kabla ya kueleza ugonjwa: kuza nembo, weka nyekundu, ongeza moshi. Ukitekeleza kama ulivyoambiwa, kesho mnarudi pale pale.

Tulikuwa na lebo ya kopo la siagi ya karanga. Mwenye biashara, mama mmoja makini sana, alisisitiza nembo ikuzwe. Mbunifu akaikuza, mama akataka zaidi, mpaka jina la bidhaa likabanwa chini. Nikaomba lebo ichapwe kwenye karatasi ya kawaida, tukaibandika kwenye kopo, tukaenda duka la jirani na kumwomba muuzaji atuwekee kwenye rafu katikati ya makopo mengine. Mama akasimama pale wanaposimama wanunuzi. Karibu makopo yote yalikuwa na lebo za njano, na letu pia njano. Lilipotelea mle mle. Akasema mwenyewe, "Kumbe ni rangi." Tukahamia kijani iliyokolea na maandishi meupe, nembo ikarudi ukubwa wake wa mwanzo, na mama akaipitisha.

Kwa hiyo acha kutuma picha WhatsApp na kusubiri jibu. Kwanza WhatsApp inapunguza ubora wa picha, pili mteja anaiangalia akiwa kwenye daladala na kuisambaza kwa ndugu. Kaa naye. Muoneshe nembo ikiwa kwenye menyu, kwenye aproni ya mhudumu, kwenye bango la mlangoni, na ikiwa ndogo kabisa kwenye duara la picha ya wasifu. Michoro miwili au mitatu ya nembo inatosha. Ukipeleka kumi unamhamishia yeye kazi ya kuchagua, wakati alikulipa wewe uchague.

Kuhusu shemeji: hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kabla ya kuchora chochote, andikeni ukurasa mmoja: mnauza nini, kwa nani, nembo itaonekana wapi, na nani anayeamua. Hilo la mwisho liwe na jina la mtu mmoja. Kama shemeji ameweka mtaji, ana haki ya kuwepo, ila awepo tangu kikao cha kwanza.

Kwenye ukurasa huo huo wekeni malipo ya awali, idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, na mafaili atakayopokea. Mpe faili la vekta, yaani linalokuzwa bila kupoteza ubora, na namba za rangi za kuchapia, si picha ya PNG peke yake. Kijani kinachowaka kwenye simu mara nyingi hufifia kikichapwa, na mteja asipoambiwa mapema atadhani umembadilishia.

Tena muulize kama jina lenyewe limekaguliwa. Wengi wanadhani wakishasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, basi nembo nayo imelindwa. Alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa zako, inaombewa usajili wake peke yake, kwa madaraja (makundi) ya bidhaa au huduma. Kwa Tanzania Bara ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake. Ni uchungu kuona mtu amechapa mabango yote ndipo anaambiwa alama hiyo ina mwenyewe.

Sasa huyu wako: mpigie simu, omba mkutane mgahawani yeye na shemeji pamoja. Nenda na nembo iliyochapwa, ibandikeni mlangoni, mvuke barabara mkaitazame. Muulize anachokiona, na shemeji anataka moshi uwaambie nini wapita njia. Pengine anataka tu watu wajue hapo kuna chakula cha moto, na hilo lina njia nyingi. Mkimaliza, andika mliyokubaliana na nani kaamua, mtumie siku hiyo hiyo. Akikataa kutaja mwamuzi, hapo funga hesabu ya kazi iliyofanyika, mkabidhi mafaili aliyoyalipia, muagane kwa heshima.