Mheshimiwa wangu kakosea, nikimhoji nimekuwa msaliti?

SWALI: Dada habari za kazi, naomba unijibu hili maana linaninyima usingizi. Kuna mheshimiwa mmoja, waziri, nimempigania tangu hajulikani, nimevaa tisheti zake, nimegombana mpaka na ndugu zangu kwa ajili yake. Sasa imekuja kujulikana alisafiri na familia yake kwa ndege ya mfanyabiashara ambaye anaomba tenda kwenye wizara yake hiyohiyo. Mwanzo alikana, picha zilipotoka ndo akasema "niliteleza, mimi ni binadamu". Nikaandika kwenye grupu letu kwamba atoe maelezo ya kueleweka, wenzangu wakanishukia kama mwewe, eti msaliti, eti tumsamehe yaishe. Hivi kweli nimekosea? Jina kapuni.

JIBU: Hujakosea ndugu yangu, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu hao wenzako wanachanganya vitu viwili, kusamehe na kuwajibisha. Kusamehe ni la moyo wako, unaweza kumsamehe leoleo kabla hujalala na wala hakuna atakayekuzuia. Kuwajibika ni deni la ile kazi, kile cheo amekishika kwa niaba ya watu wote hata wale ambao hawakumpa kura, sasa wewe au grupu lenu mtalifutaje deni ambalo si lenu peke yenu?

Anasema aliteleza. Kwenye safari yenyewe mi naweza kumuelewa, mtu akikaa juu muda mrefu kazungukwa na machawa hakuna anayethubutu kumwambia mzee ndege hii usipande, mwisho jicho lake linazoea na haoni tena ubaya wa kitu ambacho zamani angekiona mara moja. Hilo linatokea hata kwa watu wazuri. Lakini kukana sio kuteleza bana! Siku anakana alikuwa na muda wa kufikiri, alijua fika kwamba alipanda, akachagua kusema hakupanda. Kwa hiyo makosa ni mawili na yeye kaombea radhi moja tu, tena baada ya picha.

Kuna waziri wa vita wa Uingereza, John Profumo, Machi 1963 alisimama bungeni akakana uhusiano wake na msichana mmoja, Juni mwaka huohuo akakiri kwamba alilidanganya bunge na akajiuzulu. Kilichommaliza zaidi ni ule uongo. Ila alichofanya baadaye ndo kinanigusa mimi, alienda kujitolea kwenye kituo cha kusaidia maskini mashariki mwa London, Toynbee Hall, akakaa hapo miaka mingi mno bila kutafuta cheo tena, na watu wakamrudishia heshima.

Na wale wanaokwambia ukimbana unammaliza kisiasa wakumbushe Mzee Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya 1970 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani wa Tanzania baada ya watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, sio yeye aliyewapiga, lakini wizara ilikuwa yake akaubeba mzigo. 1985 akawa rais.

Sisemi kila kosa lazima mtu aachie ngazi, hapana, kuna makosa ya kurudisha hela na kuomba radhi yakaisha, kuna ya kwenda kuhojiwa kamati ya maadili, inategemea uzito. Kwa huyu wako mimi ningeanza na maswali yanayojibika. Nani alilipia ile safari na ilikuwa na thamani gani? Hiyo tenda imefikia wapi, na yeye amekaa kwenye kikao chochote kilichoijadili? Kama bado haijaamuliwa, yuko tayari kujitoa kabisa aachie watu wengine waamue, na aiweke hiyo safari kwenye tamko lake la mali na maslahi? Halafu lile la kukana, nani alimshauri, au ni yeye mwenyewe? Akiyajibu yote mapema na kwa mdomo wake, bila kusubiri picha nyingine, hapo sasa mnaweza kuanza kuongea habari ya kumuamini tena, na mimi ningekuwa wa kwanza kukwambia mpe nafasi.

Akikwepa jua kwamba ile "niliteleza" ilikuwa ya kuwatuliza tu.

Halafu ni bora maswali haya yatoke kwako wewe uliyevaa tisheti zake, wapinzani wakiuliza atasema ni siasa, wewe hawezi kukwambia hivyo. Yaandike kwa heshima, bila matusi, uyaweke kwenye grupu na nakala uipeleke ofisini kwake ikiwa na jina lako kamili. Wakikuita msaliti tena waulize tu, nani alilipia safari.