Mkunga Anajibu: Nimeombwa niingie kwenye utafiti na mimba yangu, nikubali?

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia jambo moja, utafiti wa dawa kwa wajawazito, basi nimeamua ukurasa wote uende huko. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaacha kama mlivyoomba. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana najua mko wengi wenye hali kama hiyo na hamjauliza.

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina mimba ya wiki 34, ni ya pili. Juzi kliniki nesi aliniita pembeni akaniambia kuna utafiti wa dawa ya kupunguza kutokwa na damu baada ya kujifungua, akanipa karatasi nikasome nyumbani. Mama mkwe aliposikia akasema nisithubutu, wanataka kunijaribia madawa mimi na mtoto. Mume wangu yeye kanyamaza tu. Na uzazi wa kwanza nilitokwa na damu mpaka nikaongezewa chupa mbili. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa yale ya uzazi wa kwanza, mtu aliyewahi kuiona damu yake ikitoka vile halisahau hata akiambiwa kila kitu kiko sawa.

Mama mkwe usimkasirikie. Hofu yake ina asili. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi walianza kuuza dawa ya usingizi inaitwa thalidomide, ikatangazwa kwamba ni salama kabisa, wajawazito wakaanza kuinywa kwa ajili ya kichefuchefu, ikaenea nchi nyingi, halafu watoto wakaanza kuzaliwa na mikono na miguu mifupi au bila kabisa. Mpaka inaondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, baada ya madaktari kama Widukind Lenz kule Ujerumani na William McBride wa Australia kupiga kelele, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wameathirika na wengi wao walikufa wakiwa wachanga. Habari kama hiyo ikiingia masikioni mwa watu haitoki, inapita kwa mama mpaka kwa binti hata kama jina la dawa limeshasahaulika.

Lakini angalia vizuri kilichotokea pale. Wale kina mama hawakuwa kwenye utafiti. Hakuna aliyewaita pembeni, hakuna aliyewapa karatasi wakasome, hakuna aliyeandika nani kanywa na mtoto wake kazaliwaje. Dawa iliuzwa kwanza, madhara yakajulikana baadaye. Marekani iliponea kwa sehemu kubwa kwa sababu mama mmoja, Dk. Frances Kelsey, aliyekuwa kwenye mamlaka yao ya dawa, aligoma kuipitisha tangu 1960 akawa anarudia kuwaambia wenye dawa leteni ushahidi. Kwa hiyo kile anachokiogopa mama mkwe, watu kukupa dawa wasiyoijua, ndicho kinachotokea utafiti usipofanyika. Mweleze hivyo, kwa heshima, na mpe karatasi aisome na yeye.

Sasa turudi kwenye damu, maana ndiyo shida yako. Kuna dawa inaitwa asidi ya traneksamiki, inasaidia damu iliyoganda isiyeyuke haraka. Aliyeivumbua ni mwanamama wa Japani, Utako Okamoto, pamoja na mume wake, miaka ya 1960, na yeye tangu mwanzo alitaka ijaribiwe kwa wanaotokwa damu baada ya kuzaa, ila madaktari wa uzazi aliowaendea hakufanikiwa kuwashawishi. Miaka ikaenda. Dawa ikatumika kwenye mambo mengine, kina mama wakaendelea kufa leba. Mwishowe ukafanyika utafiti mkubwa unaoitwa WOMAN, kina mama 20,060 wenye damu nyingi baada ya kujifungua, nchi 21, nusu wakapata dawa hiyo na nusu wakapata plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini ndani hamna dawa, na WOTE, tafadhali hapo pasome mara mbili, wote waliendelea kupata matibabu ya kawaida ya kuzuia damu. Matokeo yakatoka 2017: dawa ilipunguza vifo vitokanavyo na damu, na ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue vilipungua karibu theluthi moja. Bibi Okamoto alikuwa amefariki 2016 akiwa na miaka 98, hakuyaona. Mimi kila nikivuta ile sindano nawakumbuka hao 20,060, maana wengi wao waliulizwa wakiwa katikati ya hali ngumu, na kwa waliokuwa hawajiwezi aliulizwa ndugu, na sisi wote tunatibu kwa kutumia majibu yao.

Wewe umeulizwa mapema, wiki ya 34, unakaa kitako, huna uchungu. Hiyo ni dalili nzuri kwamba hao watu wanajali ridhaa. Usisaini siku hiyohiyo. Rudi na maswali yako, na kwa historia yako la kwanza ni hili: mimi niliyewahi kutokwa damu naruhusiwa kuingia, au utafiti huu ni wa wale ambao hawajawahi? Halafu, kama nikiangukia upande wa plasebo, ile sindano ya kawaida ya kukaza kizazi, oksitosini, nitapata au sitapata? Wakikujibu kwamba utapata kama kila mama, hapo una cha kufikiria. Wakianza kuzungukazunguka, ondoka. Uliza pia dawa hiyo imeshawahi kutumiwa na wajawazito kabla yako au nyie ndio wa kwanza, inaingia kwenye maziwa au haiingii, mtoto atafuatiliwa mpaka lini, na mkipata madhara nani analipia matibabu. Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuuliza. Uliza, wala si ukorofi. Na uone kwenye karatasi jina la kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti pamoja na namba ya kuwapigia, siyo namba ya watafiti peke yao.

Ukikataa, huduma yako ya kliniki haitakiwi kubadilika hata kidogo. Mtu akikunyima kitanda au kukununia kwa sababu umekataa, huyo kavunja sheria ya kazi yake na kamati wanatakiwa wajue.

SWALI: Dada, mimi kinachonishinda ni hiyo ya kupangwa kwa bahati nasibu. Mimi nina mimba halafu unanipigia kura? Daktari si amesoma, anipe anachojua ni bora!

JIBU: Ndugu yangu ungekuwa na haki kabisa kama daktari angekuwa anajua. Utafiti wa namna hiyo, ambapo kura ndiyo inaamua nani apate dawa na nani plasebo, unaruhusiwa pale tu ambapo wenyewe madaktari kwa ukweli hawajui kipi bora. Kama wanajua tayari, kukupigia kura ni kosa.

Na kujiamini kwa daktari siyo ushahidi, naomba msinielewe vibaya, nawaheshimu sana na nafanya nao kazi. Kuanzia miaka ya 1940 kina mama wengi Marekani na kwingine walipewa homoni inaitwa DES ili mimba isitoke. Iliaminika sana. Mwaka 1953 utafiti wa kupangwa kwa bahati nasibu uliofanyika Chicago ukaonyesha haisaidii kitu, wakaendelea kuitoa. Ilipofika 1971 ndipo ikagundulika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na kina mama hao wanapata saratani ya nadra ya uke wakiwa bado wadogo, na Marekani wakaonya isitumike kwa wajawazito. Miaka 18 jibu lipo limeandikwa na watu wanaendelea kumeza!

Na kosa huenda upande wa pili pia. Liggins na Howie, New Zealand, mwaka 1972 walitoa matokeo kwa kina mama 282 waliokuwa wanakaribia kuzaa njiti, ambapo sindano ya steroidi kwa mama ilisaidia mapafu ya mtoto kukomaa (Liggins alianzia kwa kondoo, aliona mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya wakati anahema wakati hakutakiwa aweze). Ilichukua zaidi ya miaka 20, mpaka 1994, ndipo Marekani wataalamu wakakaa wakasema rasmi itumike. Njiti wangapi hapo katikati, mimi hapo huwa naumia. Halafu kumbe hata dawa nzuri inataka mahali pake, kwa sababu mwaka 2015 utafiti wa ACT uliofanyika nchi 6 ulijaribu kuisambaza hiyo steroidi mpaka ngazi za chini, na vifo vya watoto kwa ujumla havikupungua bali viliongezeka. Watu wakashtuka. Ikabidi kurudi tena, safari hii kwenye hospitali zenye uwezo wa kujua umri wa mimba na kumhudumia njiti, nchi 5 ikiwemo Kenya na Nigeria, kina mama 2,852, na 2020 jibu likatoka kwamba inaokoa, tena utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana wazi.

Nani aliusimamisha? Kuna kikundi cha nje, hawamo kwenye timu ya utafiti, wanaruhusiwa kuangalia matokeo wakati wengine wote wamefichwa nani kapata nini. Wakiona upande mmoja unaumia au unafaidi waziwazi wanasema acheni. Kwa hiyo ukiwa ndani ya utafiti kuna macho yanakuangalia kuliko hata mgonjwa wa kawaida.

Bahati nasibu yenyewe kazi yake ni kuzuia upendeleo. Tukimwachia daktari achague atawapa dawa mpya wale anaowahofia zaidi, au wenye nguvu zaidi, halafu mwisho hatutajua kama ni dawa iliyosaidia au ni hali zao.

SWALI: Kwa nini kila karatasi ya dawa imeandikwa "usitumie ukiwa mjamzito bila ushauri wa daktari"? Mimi nina pumu, natakiwa nifanyeje sasa?

JIBU: Pumu usiache dawa, hilo kwanza. Pumu iliyokosa dawa ni hatari kwa mtoto kuliko dawa nyingi za kuvuta. Nenda kliniki uwaambie unatumia nini.

Hayo maandishi mara nyingi maana yake siyo "ina madhara", maana yake ni "hatujapima". Mwaka 1977 mamlaka ya dawa Marekani ilielekeza wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, ikaja kulegeza 1993, na wajawazito bado wakaendelea kuachwa nje. Hata chanjo za kwanza za korona mwaka 2020 zilijaribiwa bila wao, matokeo yake chanjo ikafika na mjamzito akaachiwa aamue mwenyewe, wakati korona kwa mjamzito ilikuwa inakuja kali. Mimi naamini kabisa kwamba huko siyo kumlinda mtu. Wanawake wenye mimba wanaumwa pumu, presha, malaria, kifafa, na dawa watapewa tu, sasa bora wapewe huku kuna mtu anaandika.

Nikupe mfano unaonipa moyo. Kifafa cha mimba kilikuwa kinatibiwa kila hospitali na imani yake, huku diazepamu, kule fenitoini, kwingine magneziamu salfeti. Mwaka 1995 zikalinganishwa, magneziamu ikazishinda zote mbili. Mwaka 2002 utafiti wa Magpie, kina mama zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba kutoka nchi 33, ukaonyesha inapunguza uwezekano wa kupata degedege kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi ya bei rahisi hiyo. Ubishi uliisha.

SWALI: Naweza kujitoa katikati?

JIBU: Ndiyo, siku yoyote, bila kutoa sababu. Waambie tu, usipotee kimya, kwa sababu kuna dawa hazitakiwi kukatishwa ghafla.

SWALI: Mama, mimi niliingia kwenye utafiti mwaka jana. Mtoto wangu alifia tumboni wiki ya 31. Hakuna aliyenipigia tena. Nawaza kama ni dawa ndiyo iliyomuua, na nawaza pia kama walimfuta kwenye hesabu zao maana aliwaharibia.

JIBU: Pole sana mama. Swali lako nimelisoma mara nyingi kabla ya kushika kalamu.

Hafutwi. Kwenye utafiti wa kweli kila aliyepangwa anahesabiwa mpaka mwisho, awe alimeza dawa zote au hakumeza, awe alizaa salama au la. Kifo cha mtoto tumboni kinaripotiwa haraka kwa kile kikundi cha nje na kwa kamati ya maadili, na mtu lazima aandike kama kuna uwezekano kinahusiana na dawa. Mtoto wako yuko kwenye hizo hesabu. Kama watoto wengine upande huohuo wangekuwa wanakufa zaidi, ingekuwa ni kwa ajili yake na wenzake kwamba utafiti unasimamishwa.

Kama ni dawa au siyo, mimi siwezi kukuambia kutoka hapa na sitakudanganya. Lakini wewe una haki ya kuuliza. Chukua ile nakala ya fomu yako ya ridhaa, kuna namba mbili, ya mtafiti na ya kamati. Anza na mtafiti, mwambie unataka kujua ulikuwa upande gani, dawa au plasebo. Kama utafiti haujaisha anaweza kukujibu kwamba bado wamefichwa, basi mwombe aandike jina lako kwamba unataka kuambiwa siri hiyo ikifunguliwa, na akupe tarehe wanayotegemea. Omba pia kukaa na daktari akupitishe kwenye faili lako la uzazi, maana mara nyingi kuna mengine ya kuangalia, presha, kondo la nyuma, sukari, na hayo utayahitaji ukitaka kubeba mimba tena. Asipopokea simu mara ya pili pigia kamati, waeleze kwamba tangu mtoto afariki hakuna aliyekutafuta. Hilo la kutokupigia halikuwa sawa, na wanatakiwa walijibie.

Fomu kama imepotea niandikie, nitakusaidia kuandika barua ya kuomba nyingine.